CG125 ya Ujiji: uchambuzi wa kafe resa iliyokatwa kabla ya kupimwa

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya matoleo ya mwanzo, ya umeme wa volti 6 na pointi za kukatisha umeme wa cheche ya plagi. Bwana mifugo mmoja wa Kigoma aliitumia kazini vijijini mpaka akastaafu, akaiegesha Ujiji kwenye banda la nyuma ya nyumba, na hapo ikakaa miaka mingi. Alipofariki ikaenda kwa mwanawe, mwalimu wa sekondari, ambaye hakutaka iozee pale. Akaamua kuigeuza kafe resa, yaani pikipiki iliyopunguzwa vitu na kushushwa usukani kwa mtindo wa mbio. Akaipeleka gereji moja mjini, akalipa, akakabidhiwa chombo ambacho kwa macho kilipendeza kweli: tangi jeusi lenye mstari wa dhahabu, siti fupi yenye nundu, usukani chini, katikati ya fremu pako wazi unaona upande wa pili.

Haikumaliza kiangazi. Ilipofika gerejini kwangu, Mwanga ya hapa Kigoma, ilikuwa inatoa moshi wa bluu, usukani unatetemeka ukizidi mwendo wa wastani, fremu ina ufa chini ya nundu ya siti, na mwalimu ameshaambiwa kwamba pikipiki imezeeka, hakuna la kufanya.

"Fundi, niambie ukweli. Injini ya marehemu mzee imekufa?"

"Haijafa, mwalimu. Imekula vumbi. Tuifungue tuone imekula kiasi gani."

Nimeona niandike kisa hiki kwa urefu kwa sababu vijana wengi wanatamani kazi ya namna hii sasa, na wengi wanaanza pale pale ilipoanzia hii, kwenye siti na rangi. Kafe resa ni kazi ya vipimo. Mwanzo wake ni sehemu tatu: mwili wa mpandaji unakaa wapi, usukani unaelekea pembe gani, injini inavuta hewa kupitia nini. Ukishayajua hayo ndipo unashika grenda.

Na CG125 inastahili heshima hiyo. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwalenga watu wa nchi kama zetu, watu wanaobeba mzigo, wanaochelewa kumwaga oili, wanaopita kwenye vumbi na tope. Wakati pikipiki zao nyingine nyingi zilikuwa na kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, juu ya kichwa cha silinda ikizungushwa na cheni, hii walirudisha kamshafti chini na kuiendesha kwa gia, halafu fito mbili za chuma zinapanda kusukuma valvu. Hakuna cheni ya ndani ya kulegea. Silinda ina kipenyo cha milimita 56.5, pistoni inasafiri milimita 49.5, jumla sisi (cc) 124. Cheni ya tairi la nyuma ikafunikwa yote kwa boksi la bati. Baadaye viwanda vya China vikainakili injini hii kwa wingi, ndiyo maana bodaboda kadhaa zinazopita mbele ya gereji yangu zina injini ya ukoo huo huo, na spea zake zimejaa madukani. Ukirithi pikipiki ya zamani ya aina nyingine utatafuta pistoni mpaka uchoke. Ukirithi CG, una bahati.

Neno juu ya kafe resa kwanza, maana asili yake inaeleza nusu ya tatizo. Mtindo huu ulikomaa Uingereza miaka ya 1950 na 1960. Vijana walikutana kwenye migahawa ya barabarani, maarufu zaidi ukiwa Ace Cafe wa London, kwenye barabara ya North Circular, uliofunguliwa mwaka 1938. Lengo lao lilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Wakatoa kila kilichoongeza uzito, wakashusha usukani ili mwili ulale upepo upite juu, wakarudisha vikanyagio nyuma ili miguu ifuate mwili ulioinama. Wengine walichukua fremu ya Norton wakaitia injini ya Triumph, wakauita mchanganyiko huo Triton. Kila kilichokatwa kilikatwa kwa sababu, na barabara yao ilikuwa lami.

CG125 ina nguvu ya farasi kama 11. Haitafika kilomita 160 hata uikate namna gani. Kwa hiyo ukiijenga kafe resa unachotafuta ni wepesi, mkao, na umbo safi lenye mstari mmoja kutoka chini ya tangi mpaka mwisho wa siti. Hayo yanapatikana kabisa, na ni mazuri, nami nimeipenda kazi hii tangu siku ya kwanza. Ila upepo wa kilomita 160 haupo, hivyo huna sababu ya kuulipia gharama zake kwenye barabara ya kwenda Gungu.

Sasa injini. Tulianza kwa kuvua chujio la hewa. Lilikuwa lile dogo la umbo la pia, wavu mtupu wa waya, limebanwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta. Boksi la awali lilishatupwa ili katikati pabaki wazi. Nikafunga kitambaa cheupe kwenye kidole, nikakipitisha ndani ya mpira unaounganisha kabureta na kichwa cha silinda. Kikatoka na tope jekundu laini, vumbi lililochanganyika na petroli. Ukilisugua kati ya vidole unasikia chembe zinakwaruza. Pale palikuwa ndani kabisa, ng'ambo ya chujio na ng'ambo ya kabureta. Kutoka hapo njia ni moja tu, kwenye valvu na pistoni.

Mtu wa Kigoma haitaji kuelezwa vumbi la kuanzia Juni mpaka mvua zirudi. Ndani ya vumbi hilo kuna mchanga mgumu. Ukifika kwenye silinda unajibana kati ya ringi na ukuta, na kila pistoni inapopanda na kushuka unachimba. Oili inapita kwenye michubuko, inaungua, moshi wa bluu unatoka. Ndicho kilichotokea.

Kuna namna ya kupima ulaji wa silinda bila kifaa cha ghali, na ningependa kila fundi mdogo aijue. Chukua ringi ya juu, itoe kwenye pistoni, iingize peke yake ndani ya silinda tupu. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Pima pengo la ncha zake kwa zile bapa nyembamba za kupimia valvu. Pima kwanza chini kabisa ya silinda, mahali ringi hazifiki, halafu pima juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Silinda ingekuwa nzima, vipimo vingelingana. Hapa chini tulipata 0.35, juu 0.85. Tofauti ni nusu milimita. Igawe kwa 3.14, kwa kuwa pengo la ringi linafuata mzingo wa duara, unapata 0.16. Hicho ndicho kipenyo kilichoongezeka juu. Kwa silinda ndogo kama hii, ulaji ukifika karibu 0.1 unachonga. Kwa hiyo hapakuwa na mjadala.

Lakini angalia kilichokuwa kizima. Kranki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, haikuwa na mchezo, beringi zake zilizunguka bila mlio, kamshafti ilikuwa safi. Injini iliyochoka kwa uzee huchoka kote. Hii ilichoka juu tu, mahali hewa inapoingia. Isitoshe, mwalimu alikumbuka kwamba babake, siku alipoiegesha, alifungua plagi akamimina oili ndani, akapiga kiki taratibu mara kadhaa, ndipo akafunga banda. Mzee yule alijua alichofanya. Mji huu una ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hilo unaoelea ziwani: meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuungwa hapa Kigoma. Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi nzito. Ilipoibuliwa mwaka 1924 zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Chuma kikitunzwa kwa mafuta kinavumilia mengi. Chuma cha mzee kilivumilia banda miaka yote, kikaja kuumizwa na chujio la waya katika kiangazi kimoja.

Kosa la pili la injini lilitokana na kitendo kile kile, ila ni tofauti na la kwanza, na watu huyachanganya. Boksi la hewa linapotoka, na bomba la moshi linapokatwa fupi bila tumbo la ndani, injini inapumua kwa wepesi kuliko ilivyopangiwa. Petroli inayotoka kwenye jeti, kile kijitundu cha kabureta kinachoipima, haijaongezeka. Mchanganyiko unakuwa mkavu. Dalili zake zilikuwepo zote: plagi nyeupe, milipuko kwenye bomba ukiachia mafuta, na kukosa nguvu ukifungua ghafla. Ukavu huo unapasha kichwa joto. Hautoi moshi wa bluu. Gereji ya kwanza, mwalimu alipolalamika kuhusu nguvu, walimwongezea petroli kwa kugeuza skurubu ndogo ya kabureta, ile ya sailensa, na hiyo hurekebisha injini ikiwa imetulia tu. Ukifungua mafuta mengi inayotawala ni jeti kubwa, na haikuguswa.

Silinda tuliituma Mwanza kuchongwa, tukaenda na pistoni ya 50, yaani iliyozidi nusu milimita. Hapa kuna mtego. Injini nyingi za bodaboda za ukoo wa CG siku hizi ni za sisi 150, zenye pistoni ya milimita 62. Muuzaji akikuambia "ya CG hii hapa", toa kalipa, kile kipimio cha kipenyo, upime. Hata ukipata ya 56.5, linganisha pini na urefu wa kichwa na ile ya zamani kabla hujalipa. Valvu zilisagwa zikakaa vizuri, uwazi wake tukaurudisha kwenye milimita 0.08 injini ikiwa ya baridi.

Palipokuwa na mvutano ni boksi la hewa. Mwalimu aliipenda sana ile nafasi tupu katikati ya fremu. Ndiyo picha aliyokuwa nayo kichwani siku zote. Nilimweleza kwamba kuna watu wanaoweza kuishi na chujio la nje: wanatumia la sponji lililolowekwa oili, wanaliosha kila mara, na hawapandi kwenye vumbi. Yeye shule yake iko nje ya lami. Nafasi tupu haiwezi kuwa na thamani ya silinda. Tukakubaliana tutafute boksi la bodaboda ya ukoo huo, tulipunguze pembe, tulifunge juu zaidi chini ya tangi, na mbele yake aweke bati jembamba lenye matundu madogo lililokunjwa na fundi bati wa sokoni. Ukitazama kwa mbali bado panaonekana pepesi. Chujio ni la sponji na liko ndani.

Bomba tulilirudishia tumbo. Kitambaa cha kuzuia joto walichokuwa wamelizungushia tulikivua, tukakuta chini yake kutu imeanza kula, kwa kuwa kikilowa kinashika maji. Kitambaa kile sikipendi kwenye mji wa mvua na unyevu wa ziwa.

Mtetemo wa usukani ulikuwa na visababishi vitatu, na hapa nilikataa kugusa vyote kwa pamoja, kwa sababu ukibadilisha vitatu kwa mpigo hujui kipi kilikuwa mkosefu. Gereji ilikuwa imefunga usukani wa vipande viwili unaobanwa kwenye mabomba ya shokapu za mbele. Ili upate nafasi, wakazipandisha shokapu ndani ya tii, vile vishikio vinavyozibana kwenye shingo, karibu sentimita tatu, kwa hiyo pua ikashuka. Nyuma wakaweka shokapu za bodaboda zilizo ndefu kuliko za awali, kwa hiyo mkia ukapanda. Yote mawili yanasimamisha shingo ya usukani. Pikipiki hutulia kwa sababu mstari wa shingo, ukiunyoosha mpaka chini, unagusa ardhi mbele ya pale tairi linapokanyaga; umbali huo ndio unaolivuta tairi lifuate njia iliyonyooka. Ukiisimamisha shingo, umbali unapungua. Usukani unakuwa mwepesi kugeuka, na kwenye mashimo unacheza wenyewe.

Kisababishi cha tatu kilikuwa cha zamani. Shingo ya CG hukaa juu ya golori, na vikombe vyake vilikuwa na vijishimo vya miaka ya kazi. Hakuna aliyevifungua wakati wa ujenzi, japo mbele yote ilishushwa. Tulianza hapo: vikombe vipya, golori mpya, grisi. Mgongano uliokuwa unasikika ukishika breki ukaisha, mtetemo ukabaki. Tukashusha shokapu za mbele mpaka zilipokuwa awali. Mtetemo ukapungua sana. Mwisho tukabadilisha shokapu za nyuma kwa zenye urefu wa asili, ukaisha. Kwa hiyo mkosefu mkubwa alikuwa ule usukani wa vipande, kwa kuwa ndio uliolazimisha shokapu za mbele zipandishwe ndani ya tii. Badala yake tumefunga usukani mmoja ulionyooka, mfupi, ulio chini, kwenye vishikio vya kiwandani. Mwili unainama vya kutosha. Mikono inabaki na upana wa kuidhibiti pikipiki kwenye changarawe.

Kuhusu vikanyagio nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoona kabisa kwamba hakuna aliyeipanda pikipiki hii kabla ya kuikabidhi. Walitoa vikanyagio vya mbele, wakatumia vya abiria kama vya mpandaji. Kwenye pikipiki hii vya abiria vimefungwa kwenye uma wa nyuma, ule unaopanda na kushuka pamoja na tairi. Kila shimo lilikuwa linamrusha mwalimu miguu. Cha kulia tena kilikaa kwenye njia ya kiki, na CG hii haina stati nyingine. Ilibidi mtu asimame pembeni, apige kiki nusu. Fimbo ya breki ya nyuma nayo ilifupishwa na kuvuta mkono wa breki kwa pembe mbaya. Breki ya ngoma huuma vizuri fimbo inapokuwa karibu pembe mraba na mkono wake wakati viatu vinagusa ngoma. Yake ilikuwa imelala, nguvu nyingi ya mguu ikipotea bure.

Tulichomelea vishikio vipya kwenye fremu yenyewe, nyuma ya vile vya awali kwa kiasi tu, baada ya mwalimu kukaa kwenye siti huku mimi nikitia alama ya chaki magoti na visigino vyake vilipoangukia. Cha kulia kinakunjika, kiki inapita yote. Fimbo ya breki ikatengenezwa upya kwa urefu uliopimwa.

Ufa wa fremu ulikuwa jambo fupi. Mkia ulikatwa, bomba lililokunjwa nusu duara likachomelewa kitako kwa kitako, bila kitu ndani, karibu na pale shokapu zinaposhikia juu. Mzigo wote wa nyuma unapita hapo. Tukakata tena, tukaingiza kipande cha bomba nene ndani ya maungio, tukatoboa matundu pembeni na kuchomelea kupitia hayo, ndipo tukafunga mzunguko. Nashukuru kwamba hawakugusa shingo, maana namba ya fremu imegongwa pale na ndiyo iliyo kwenye kadi. Ukiipoteza namba hiyo kwa msasa au grenda umejitafutia safari ndefu za ofisini. Vioo, honi, taa ya nyuma na sehemu ya pleti vimerudi pia, vidogo lakini kamili.

Umeme, tangi na rangi havina mengi. Nyaya zilizosokotwa kwa tepu zilitolewa zote. Rangi ile ile nyeusi tuliiacha, ni kazi nzuri, na aliyeipiga apewe sifa yake.

Baada ya kukusanya tulienda barabara ya Ujiji asubuhi kabla ya magari kuwa mengi. Unafungua mafuta yote, unakaa hivyo kwa muda, halafu unabana klachi na kuzima hapo hapo ili plagi isipate nafasi ya kubadilika rangi. Ya kwanza ilitoka na weupe. Tukapandisha jeti kubwa kwa namba moja, plagi ikatoka na rangi ya hudhurungi. Tukaishia hapo.

Boksi la cheni ndilo lililobaki. Mwalimu anataka cheni ionekane. Mimi nataka ifunikwe yote kama Honda walivyoiacha, kwa sababu cheni iliyo wazi kwenye tope la Machi haidumu. Kwa sasa ina kifuniko cha juu tu, na amekubali kwamba akianza kuikaza mara kwa mara, cha chini kinarudi. Ringi zikishakaa atapanda nayo Kasulu. Hapa kando ya ziwa tuko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kule ni juu zaidi, hewa nyepesi, mchanganyiko utaelekea kuwa na petroli nyingi. Nimempa plagi ya akiba na spana yake. Akifika aifungue, aipige picha, anitumie kabla hajagusa jeti.